Mbwa Aliyetunyang'anya Makelele

Kwa Mkuu wa Makazi ya Mbwa Waliookolewa,

Ndugu Mkuu,

YAHUSU: KUREKEBISHWA, KUBADILISHWA AU KURUDISHWA KWA MBWA TULIYEKABIDHIWA

Nakusalimu kwa heshima, na kupitia kwako nawasalimu mbwa wote unaowalea, hasa yule mwenye jicho moja aliyenibwekea langoni tangu nilipofika hadi nilipoondoka. Yule tulielewana.

Mimi ni mwenye mashine ya kusaga nafaka, na ni baba wa familia iliyokuja kwenu ikaondoka na mbwa mmoja mweupe mwenye madoa ya manjano, mkia uliopinda, na tabia ya kumtazama mtu kana kwamba anasubiri majibu ya mtihani. Watoto wamempa jina la Chenga, kwa sababu rangi yake ni ileile ya mahindi yaliyokobolewa nusunusu. Naandika kwa adabu zote nilizobakiwa nazo ili nilalamike juu yake. Nasisitiza kwamba sina ugomvi na mbwa mwenyewe. Ugomvi wangu ni na ukimya wake, ambao hamkutueleza kwamba unaambukiza.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba hatukuchunguzwa ipasavyo.

Siku ile ofisini kwenu, yule dada wa mapokezi mwenye buti za mpira alituuliza kama nyumbani kwetu kuna utulivu, maana mbwa huyu anahitaji watu watulivu. Sote wanne, yaani mimi, mke wangu, binti yetu mkubwa na kitinda mimba wetu, tulimjibu kwa pamoja kwamba sisi ni watulivu sana. Tulimjibu kwa sauti yetu ya kawaida. Dada akarudi nyuma, kalamu ikamdondoka, na mbwa wa chumba cha pili wakaanza kulia. Mtu anayeijua kazi yake angeelewa palepale. Yeye aliokota kalamu akaandika kwamba tu watulivu.

Naomba ieleweke kuwa hatukudanganya. Mashine yetu na nyumba yetu vinatumia ukuta mmoja. Nimezaliwa mota ikinguruma, na marehemu baba, aliyeniachia kazi hii, alinifundisha kwamba mtu anayesema polepole mbele ya mashine ana jambo analificha. Mke wangu nilimposa mwenyewe, mkanda ukizunguka, mbele ya foleni ya wateja, na ilinibidi nipaze sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Naye akanijibu kwa sauti ileile kwamba amekubali. Wateja wakapiga makofi, na mama mmoja akauliza kama sasa anaweza kupata unga wake. Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Kwetu kupaza sauti si hasira hata kidogo. Mtu akikuita kwa kelele, ujue chakula kiko tayari. Akinyamaza, hapo ndipo uanze kutafuta umemkosea nini.

2. Kwamba mapokezi tuliyomwandalia mgeni aliyakataa.

Tulimfagilia sebule nzima. Kitinda mimba alimtandikia gunia safi na juu yake akaweka sweta lake mwenyewe, ambalo bado alikuwa analihitaji. Mimi kama mkuu wa nyumba nikasimama mlangoni, nikapanua mikono, nikamtolea karibu moja ya haki, ile ninayowatolea wakwe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja na mara hiyohiyo akatoweka. Alipita chini ya meza, akapita chini ya kochi, akaingia chini ya kitanda chetu, akajipenyeza nyuma ya masanduku, na huko akabaki hadi kesho yake.

Tulimwita. Kadiri tulivyomwita ndivyo alivyozidi kujibana ukutani. Tukadhani hasikii, tukaongeza sauti.

Mwishowe mke wangu akalala kifudifudi, shavu kwenye sakafu, akamnong'oneza maneno fulani. Sijui alimwambia nini. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kujua kwamba mke wangu ana sauti hiyo. Mbwa akatoka, tumbo chini, mkia katikati ya miguu, akaweka kidevu chake juu ya kiganja cha mke wangu. Naye akainuka, akajipangusa vumbi, na kwa ishara za mikono akatangaza sheria mpya: atakayepaza sauti ndani ya nyumba hii, atakula mashineni pamoja na magunia.

Binti yangu aliwapigia simu kuuliza, kisha akanieleza. Dada wa mapokezi alimwambia kuwa Chenga haogopi vishindo. Na kweli, mashine ikinguruma yeye hulala chali, na mvua ikipiga bati hapepesi jicho. Anachoogopa ni sauti ya mtu. Huko alikotoka, kelele ya mtu ilikuwa inatangulia tu, na kipigo kikifuata. Niliposikia hayo niliumia, nasema wazi. Nilikwenda mashineni nikakaa juu ya gunia kwa muda, wateja wakadhani nimechoka. Lakini huruma haifuti lalamiko, kwa hiyo naendelea.

3. Kwamba nimepoteza ugomvi wangu.

Mimi na mke wangu tulikuwa na ugomvi mmoja mzuri, uliotunzwa, tuliokuwa tukiutumia tangu binti yetu mkubwa akitambaa. Ulihusu mlango wa nyuma, unaoingiza vumbi la unga jikoni. Kila ulipozuka tulikuwa tunapaza sauti wote kwa wakati mmoja, na kila mmoja wetu alikwenda kulala akijua kwamba ameshinda. Hivi karibuni ukazuka tena, nasi kwa ajili ya mbwa ikabidi tuuendeshe kwa kunong'ona.

Ndugu Mkuu, umewahi kugombana kwa kunong'ona? Haiwezekani. Kwanza inakulazimu umsogelee mwenzako hadi mdomo ufike sikioni. Pili, unasikia anachosema. Ikabainika kwamba miaka yote hiyo mke wangu alikuwa anataka mlango uhamishwe, na mimi pia nilikuwa nataka mlango uhamishwe. Fundi akaitwa, mlango ukahamishwa, vumbi haliingii tena, na mimi sina cha kugombania. Jioni tunakaa tunatazamana. Juzi nilijaribu kuanzisha ugomvi mpya kuhusu ndoo, ukafa kabla sijafika katikati.

4. Kwamba jamii imetuelewa vibaya.

Jirani yetu fundi viatu hakuwa na haja ya saa. Alikuwa anaamka mke wangu anapomwamsha kitinda mimba kwenda shule, na anafunga kibanda mke wangu anapomwita kitinda mimba huyohuyo arudi ndani. Baada ya Chenga kuja, fundi viatu alichelewa kazini kila siku, na mwishowe akaja kwetu akiwa amevaa shati safi, kofia mkononi, kuuliza kwa upole ni nani aliyetutoka. Nilimnong'oneza kwamba hakuna aliyefariki. Kunong'ona kwangu ndiko kulikomhakikishia. Alikaa nasi kutwa nzima, akatufariji kwa maneno mazuri, na alipoondoka akaahidi kurudi na wenzake.

Wateja nao wana lao. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, ndivyo wanavyosema kwenye foleni, na wana hakika kwamba tunapanga kupandisha bei. Wengine wanasema tumeanza kujisikia, siku hizi tunazungumza kama watu wa benki. Mbaya zaidi ni kwamba nao wameanza kunong'ona, tena mbele ya mota inayozunguka, ambako hata baragumu lisingesikika. Bibi mmoja aliniagiza kwa kunong'ona nimsagie unga laini. Nilimpa wa kulishia kuku. Akanishukuru, kwa kunong'ona, akaenda nao nyumbani.

5. Lalamiko la tano lilihusu upande wangu wa kitanda. Mke wangu amelisoma, na limeondolewa.

6. Kwamba kitinda mimba ameharibika.

Mtoto huyu alikuwa na kifua kizuri. Akisimama langoni akaita mama, mama alisikia jikoni, na mama za watoto wengine kadhaa walisikia pia. Sasa, akitaka kusema jambo, anamfuata mtu hadi alipo. Na mtu ukishamfuata hadi alipo, anakutazama, anaona umechafuka goti, anakuuliza umeangukia wapi, nawe unaeleza, na kutoka hapo mazungumzo hayana mwisho. Mama yake sasa anajua nani alimsukuma nani, mwalimu yupi anasinzia, na kwa nini somo la hesabu lina matatizo. Zamani tulikuwa tunajua tu kwamba amerudi na kwamba ana njaa, na tulitosheka.

Tena anamsomea mbwa vitabu vyake vya shule kwa sauti ya chini. Mbwa anasikiliza. Sijui kama mnafahamu ni jambo gumu kiasi gani kwa baba kuona mbwa anasomeshwa kwa gharama zake.

7. Kwamba nimetengwa mezani kwangu.

Hili ndilo lalamiko lenyewe. Yale mengine yalikuwa ya kulisindikiza.

Siku hizi tukikaa kula, Chenga analala chini ya meza, na wenzangu wanazungumza kwa sauti ya chini. Wanazungumza sana. Sikuwa najua kwamba tuna mambo mengi hivyo ya kuzungumza. Wanasimuliana, wanakatizana, wanacheka mpaka binti yangu anashika ubavu. Mimi nacheka pia. Nacheka nikichelewa kidogo, kwa adabu.

Nataka iandikwe kwamba mimi si kiziwi. Mota ikipungukiwa mafuta, mimi ndiye wa kwanza kujua, kabla yenyewe haijajua. Naweka kiganja juu yake tu, basi nimeshajua. Nasikia vizuri sana mtu akisema kama mtu. Ninachokataa ni huu mtindo wa kuchezesha midomo na kutegemea mwenzako akamilishe mwenyewe.

Wiki iliyopita binti yangu mkubwa aligeuka upande wangu, macho yakimng'aa, akaniambia jambo. Niliona ni jambo la maana. Nikafikiri haraka ni nini cha maana kinachoweza kuwa kimetokea siku hiyo, nikamjibu kwamba mkanda tutaubadilisha, huu wa sasa umechakaa. Wote wakainamia sahani zao. Mke wangu akanieleza baadaye, chumbani, mdomo sikioni. Binti yetu alikuwa ananiambia kwamba amepata ile kazi ya hospitali aliyoihangaikia muda mrefu. Habari njema kuliko zote zilizoingia nyumbani kwangu mwaka huu, mimi nikazijibu kwa mkanda.

Ndugu Mkuu, katika nyumba ya makelele sikio bovu halina aibu. Kila mtu anarudia maneno, kila mtu anapaza sauti, na hakuna anayejua nani amesikia na nani hakusikia. Makelele yetu yalikuwa mkongojo wangu. Mmeuchukua mkongojo wa mzee mkampa mbwa autafune. Naogopa kwamba nitaishi miaka iliyobaki nikiwatazama watu ninaowapenda wakifungua na kufumba midomo, nami nikitabasamu kama mgeni asiyejua lugha. Hilo siliwezi, na sioni haya kulisema.

8. Maombi.

Kwa kuwa mimi siwezi kuhamishwa, maana nyumba ni yangu, naomba mojawapo ya haya, kwa utaratibu huu:

Kwanza, mtubadilishie Chenga na mbwa kiziwi. Mbwa wa aina hiyo angefaidi sana kwetu, nami ningepata mwenzangu wa kucheka naye kwa kuchelewa.

Ikiwa mbwa kiziwi hayupo, mtuletee mfanyakazi wenu mmoja mwenye mapafu mazuri, akae nasi na kumpigia Chenga kelele za upendo kila siku, akianzia mbali, mpaka azoee. Malazi na chakula ni juu yetu. Asiwe mtu wa kunong'ona.

Ikiwa hilo nalo halimo katika uwezo wenu, naomba ofisi yako itamke rasmi kwamba mtaa wetu wote ni eneo la kunong'ona, pamoja na soko, shule, kituo cha polisi na uwanja wa mpira, ili nisiwe peke yangu nisiyesikia, na wenye masikio mazima wapate kuonja. Nimemweleza fundi viatu wazo hili. Alikubali kwa kichwa, ingawa sina hakika alikubali nini.

Na ikiwa yote yameshindikana, basi njooni mumchukue Jumamosi asubuhi. Nitakuwa mashineni, na mota itakuwa inazunguka. Msinipe nafasi ya kumuaga. Sweta alilotandikiwa mwende nalo, kwa sababu bila hilo halali. Chakula chake kipozwe kwanza. Asikunwe sikio la kushoto, lina kovu. Na anayemfungulia gari asimwite kwa nguvu, ainame tu na kusubiri.

Ni matumaini yangu kwamba malalamiko haya utayapokea kwa moyo uleule wa huruma unaowaonyesha viumbe wasio na msemaji. Msalimie dada wa mapokezi, mwambie hatuna kinyongo naye. Msalimie anayewapikia mbwa, mlinzi wa lango, na yule wa jicho moja. Mke wangu anawasalimu. Binti anawasalimu. Kitinda mimba hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake nazitoa kwa niaba yake.

Wako mtiifu, ambaye kwa sasa hana ruhusa ya kupaza sauti,

Mwenye Mashine ya Kusaga

Tanbihi: Samahani kwa mstari wa wino uliokatiza sahihi yangu hapo juu. Nilikuwa natia sahihi, Chenga akaja akanisukuma kiwiko kwa pua. Nikamwambia taratibu aende zake. Akaenda hadi mlangoni, akageuka, akanitazama, akarudi, akanisukuma tena. Nikadhani amebanwa, nikainuka nimfungulie. Hakutaka kutoka nje. Alinitangulia hadi mezani, ambako chakula kilikuwa kimeshapakuliwa na wote wamekaa, kisha akajilaza chini ya kiti changu na kushusha pumzi kama mtu aliyemaliza zamu.

Niliuliza kuna nini. Mke wangu akanisogelea, akasema ameniita na kuniita kwa sauti ya chini, na nilipokosa kuja, mbwa akainuka mwenyewe. Kitinda mimba akasema hiyo si mara ya kwanza. Siku hizi mtu yeyote akiniita nisigeuke, Chenga anakuja kunichukua. Mimi muda wote huo nilidhani ana tumbo bovu, na kila alipokuja nilimfungulia mlango wa nje. Hakuna aliyemfundisha.

Halafu binti yangu mkubwa akainuka na kiti chake, akazunguka meza, akakaa upande wangu wa kulia. Akaanza upya habari za kazi yake, tangu siku aliyopeleka maombi, bila haraka, nami nikazisikia zote. Nililia kidogo, nikasingizia pilipili. Ndugu Mkuu, sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba sikio langu zima ni la kulia. Kumbe wanajua. Wamejua siku nyingi, na nusu ya makelele ya nyumba hii yalikuwa kwa ajili yangu.

Barua naituma hivyohivyo, kwa sababu mke wangu anasema lalamiko la kwanza lina haki yake. Lakini Jumamosi msije. Mkija, mtabisha hodi nami sitasikia. Chenga atakuja kuniita, nitaongozana naye hadi mlangoni, nitawafungulia, na nitawaambia uso kwa uso kwamba hayupo.